Liandike Jiwe

Gracinda alimngoja Chamsudine akiwa na habari njema, na ndiyo maana yaliyofuata yalimuuma mara mbili.

Alitoka kazini mapema siku hiyo ya Jumatano. Alipita sokoni akanunua pweza, akamponda uani mpaka akalainika, akampika kwa nazi kama alivyofundishwa na wanawake wa Palma, yeye mtoto wa Mueda, bara, ambaye mpaka anavunja ungo hakuwa amewahi kuona maji yasiyo na ng'ambo. Akavaa kapulana, ile kanga ya njano aliyopewa na Chamsudine siku ya Idi. Kwenye kioo aliona macho yamevimba kwa kilio cha wiki nzima. Akayapaka wanja, akajiambia: leo kilio kinakwisha.

Kilio chenyewe hakikuwa cha bure. Ijumaa, baada ya sala, Chamsudine alikuwa anafungishwa ndoa na Hafsa, mjane wa kaka yake.

Kaka huyo, Abdurrazaque, alikuwa nahodha wa boti la chuma lililobeba saruji, mchele na abiria kati ya Palma na visiwani. Kabla ya Ramadhani iliyopita aliwateremsha mabaharia wake kisiwani Macaloe, akawaambia anarudi Palma kufuata mafuta, akaondoka peke yake. Palma hakufika. Watu walitafuta mpaka wakachoka. Mwishowe Chamsudine mwenyewe akaokota ufukweni dumu la mafuta lililoandikwa kwa rangi nyekundu jina la boti, *Mama Saquina*, ambalo ndilo jina la mama yao mzazi. Shehe akaridhika kwamba bahari imemchukua. Akasaliwa sala ya ghaibu, Hafsa akakaa eda. Eda ilipokwisha, Bi Saquina akatamka neno moja ambalo hakuna aliyethubutu kulijibu.

"Hafsa ni mtoto wa dada yangu. Hatoki nyumba hii. Chamsudine atamstiri."

"Na mimi?" Gracinda alimuuliza Chamsudine siku alipoletewa habari hizo.

"Wewe ndiye moyo wangu, Graci. Ile ni amri ya mama. Nifanyeje?"

Bi Saquina hakumtaka Gracinda tangu mwanzo. Mtu wa bara, Mkristo, halafu mwanamke anayelipwa kuichungulia bahari ya watu! Na kweli kazi yake ilikuwa hiyo. Katika ofisi moja ndogo iliyo karibu na barabara ya uwanja wa ndege, Gracinda alitunza picha za rada zinazopigwa na satelaiti inapopita juu ya pwani, mawinguni au penye jua, haidhuru. Zilipofika alizisafisha. Kila kilichong'aa juu ya maji alikikagua: hili wimbi, hili fungu la mchanga, huu mwamba, hii meli. Meli zilizojitangaza kwa mitambo yao alizioanisha na majina yao. Zile zilizonyamaza aliziwekea alama, na wakubwa wakajua pa kutuma watu wakawatafute wezi wa samaki.

Ni kazi hiyo iliyowakutanisha. Jenereta ya ofisi ilikufa, akaitwa fundi. Fundi akaja, mrefu, mikono imejaa grisi, macho yanacheka kabla ya mdomo. Alipomaliza alisimama nyuma ya kiti cha Gracinda.

"Hiyo nini, mana, dada yangu?"

"Bahari yako."

"Bahari yangu ndiyo nyeusi hivyo?"

"Rada haijui rangi. Maji yakitulia huwa meusi. Chuma ndicho kinachong'aa."

"Na mimi nikiwa kwenye mtumbwi?"

"Mbao hazing'ai. Sikuoni."

"Basi nitakwenda na mtumbwi siku zote," alisema Chamsudine, "usije ukajua ninakokwenda."

Wakacheka. Kucheka kule kuliwachukua mbali: kwenye chai, kwenye matembezi ya jioni, kwenye safari moja ya Macaloe ndani ya boti la Abdurrazaque ambapo Gracinda alitapika tangu mwanzo wa safari hadi mwisho, na nahodha mwenyewe, mtu wa mizaha, akamkatia ndimu anuse na kumwita shemeji mbele ya abiria wote.

Kwa hiyo Abdurrazaque alipopotea, Gracinda alimlilia kama ndugu. Na Bi Saquina, ambaye hakuwa amewahi kumwita kwa jina, alimtuma mwanawe: "Mwambie huyo mwanamke wako anitafutie mtoto wangu humo kwenye madude yake." Chamsudine alikuja na ujumbe huo, akaweka kichwa mapajani pa Gracinda akalia mpaka kapulana ikalowa. Tangu siku hiyo, kila kazi ya ofisi ilipokwisha, Gracinda alibaki. Alizipitia picha moja baada ya moja, akiyatafuta mabaki ya boti miambani, kwenye mafungu, kwenye midomo ya mito. Hakuona kitu. Lakini hakuacha, kwa sababu aliyeomba ni yule aliyempenda.

Sasa, siku mbili kabla ya harusi, alikuwa ameona.

Pikipiki ilikohoa kwenye kona. Chamsudine aliingia uani amenawa, shati jeupe, harufu ya sabuni imemtangulia. Alikaa mkekani barazani, akalitazama sinia, akatabasamu kwa uchovu.

"Pweza! Umekuwa mtu wa pwani kabisa."

"Kula kwanza."

Alikula matonge machache. Gracinda alimtazama mkono, kidevu, kovu dogo chini ya jicho. Akashindwa kungoja.

"Chamsu, usimwoe Hafsa."

"Graci, tafadhali. Haya tumeshayazungumza."

"Hatujayazungumza haya. Kaka yako yu hai."

Alikuwa ameifikiria dakika hii tangu asubuhi. Aliiona akilini: Chamsudine ataruka, atapiga takbira, atamshika mabega na kumtikisa, atakimbia peku kwenda kwa mama yake. Lakini Chamsudine hakuruka. Aliliweka tonge kwenye sinia polepole. Akatazama njia, akatazama ukuta wa jirani, ndipo akamtazama yeye.

"Nani mwingine ameona?"

"Hakuna, mimi tu," alijibu Gracinda kwa haraka ya furaha. "Bosi wetu, chefe Fernando, ameona doa lenyewe, lakini yeye anafikiri ni mwamba. Sikiliza. Wenye satelaiti wametuletea upya picha za nyuma. Zile za mwanzo zilikuwa zimekatwa mpakani, hizi zinavuka, zinafika kaskazini ya Ruvuma. Kuna hori kule, lina mikoko. Kwenye picha za kabla hajapotea, hori ni jeusi, halina kitu. Kwenye picha ya kwanza baada ya kupotea kuna kitu kimelala mle, cha chuma, urefu ni ule ule wa boti lake. Na kwenye kila picha baada ya hapo kipo, hakisogei. Rada haitaji jina, siwezi kuapa. Lakini boti halikuzama, Chamsu! Mtu mmoja aliliingiza mle akalifunga. Labda aliumia, labda alitekwa, labda..."

Swali lake Chamsudine lilikuwa limempita sikioni. Sasa likarudi likakaa mbele yake.

"Chamsu."

"Naam."

"Hukuniuliza yuko wapi."

Chamsudine alifuta vidole kwa kitambaa, kimoja kimoja.

"Umeuliza nani ameona," Gracinda alisema. "Mtu aliyempoteza ndugu haulizi hivyo. Unajua?"

Chamsudine alikikunja kitambaa.

"Nakuuliza, Chamsudine. Unajua?"

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu alipoondoka." Alikuwa anasema na sinia. "Mafuta nilimjazia mimi."

Jirani alikuwa anatwanga. Gracinda alisikia kila pigo la mchi.

"Ana mwanamke upande wa pili," Chamsudine aliendelea. "Ana mtoto naye, anatembea sasa. Alikuwa ameshindwa kuishi maisha mawili."

"Si angempa Hafsa talaka? Wanaume hawaachi?"

"Wewe humjui mama. Hafsa ni damu yake. Mama alishasema mbele yetu sote, atakayemwacha Hafsa asimwite mama tena, hai wala maiti, na radhi yake hana. Kaka anamwogopa mama kuliko anavyoogopa kusi. Kufa kulikuwa rahisi kuliko kuacha."

"Na dumu?"

"Dumu nililiweka mimi, kisha nikaliokota."

"Mama yako analiweka kitandani lile dumu! Analikumbatia!"

"Najua analikumbatia! Unadhani sina macho?"

"Na siku ile mapajani pangu?" Gracinda alisimama. "Ulilia nini, Chamsu? Nilikufuta kamasi kwa mkono wangu huu. Ulikuwa unalia nini?"

"Nililia kweli."

"Nini?"

"Aibu," alisema. "Mama alikuwa amenituma nikuombe umtafute, na mimi najua hayuko baharini. Nilidhani huwezi kuona kitu. Ulishaniambia hiyo rada inaona meli kubwa za watu wa mbali. Nikasema, atatafuta siku chache, atachoka."

"Sikuchoka."

"Nilikuambia upumzike."

"Ulinibembeleza nipumzike, nami nikasema moyoni, tazama huyu, ana msiba na bado ananihurumia macho yangu!" Alicheka, kicheko kikavu kilichomshangaza mwenyewe. "Miezi yote ile nilikuwa naitafuta maiti uliyokuwa unapigiana nayo simu."

Chamsudine alijaribu kumshika mkono. Akaukwepesha.

"Na Ijumaa," alisema Gracinda, "unakwenda kumwoa mke wa mtu."

"Si mke wa mtu. Kaka ameshamwacha. Alitamka kwenye simu, mimi nasikia, na pana mtu mwingine aliyekuwa naye huko anasikia. Eda ya talaka nayo imeshapita. Nimemuuliza mtu wa dini bila kutaja majina. Hakuna haramu."

"Hafsa anajua ameachwa?"

Chamsudine alilisogeza sinia kando.

"Hafsa anajua?"

"Atajua nini, na kwa faida gani? Akijua ameachwa atavunjika. Akidhani amefiwa, atapoa. Mjane huhurumiwa, Graci. Aliyeachwa huchekwa. Mimi nitamtunza."

Alisema lile neno, nitamtunza, kwa upole uliokuwa mgeni. Gracinda alikuwa anaujua ule upole. Aliwahi kudhani umeumbwa kwa ajili yake peke yake. Swali likamtoka kabla hajalizuia.

"Unamtaka?"

"Graci..."

"Niangalie. Unamtaka Hafsa?"

Alimwangalia. Ingekuwa afadhali asingemwangalia.

"Kabla hujaja Palma," alisema Chamsudine. "Nilimwambia mama nikiwa mdogo bado. Mama akasema mkubwa huoa kwanza, akampa kaka. Nikanyamaza. Nimekaa nyumba moja naye miaka yote hiyo nikiinamisha macho. Halafu ukaja wewe, nikakupenda. Wallahi nilikupenda. Lakini kaka aliponiambia anaondoka..."

"Ukamjazia mafuta."

Mchi wa jirani ulikuwa umenyamaza. Gracinda alikaa tena. Alimwona Chamsudine akisogea karibu, akasikia sauti yake ikishuka na kuwa ile ya kubembeleza.

"Lile doa. Umesema Fernando anadhani ni mwamba. Na yale yasiyohama si huwa mnayaandika jiwe, ili kompyuta isiyahesabu tena? Uliwahi kuniambia."

"Ndiyo."

"Basi liandike jiwe."

Gracinda alidhani hakusikia vizuri.

"Ndugu yako?"

"Liandike jiwe, Graci. Halitaonekana tena, hakuna atakayeuliza. Yeye ataishi, mama ataishi, Hafsa atastirika. Na mambo yakitulia, mwaka ujao, nitakuoa wewe wa pili. Mama atakuwa hana la kusema, nimeshamtii."

"Na nikisema ukweli?"

Chamsudine alivaa viatu. Alichukua muda mrefu kwenye kamba.

"Ukisema, hutanipata."

"Na nisiposema, nitakuwa nimempata nani?"

Alisubiri jibu la swali hilo mpaka pikipiki ilipokohoa mbali, upande wa msikiti. Pweza alibaki sinia zima. Paka wa jirani akaja kumtazama, Gracinda akamwachia.

Usiku huo hakulala, lakini hayo ni ya usiku. Asubuhi ya Alhamisi alikuwa kwenye kiti chake, na chefe Fernando, mtu mpole mwenye kijiti cha meno mdomoni wakati wote, akasimama mlangoni.

"Bom dia, Gracinda. Lile la kaskazini, kwenye mikoko, umeshaliingiza kwenye mawe? Kesho tunaifunga kazi ya mwaka huu, ikishafungwa haifunguliwi."

"Bado, chefe."

"Limalize."

Doa lilikuwa mbele yake, jeupe, dogo, limelala kwenye weusi wa hori. Kilihitajika kidole kimoja tu. Akibonyeza, Abdurrazaque atakuwa jiwe kwa kompyuta, na maiti kwa watu. Hafsa atavaa hina na kucheka tena. Na huenda, nani ajuaye, mwaka ujao pikipiki ikakohoa tena kwenye kona ya nyumbani kwake. Gracinda aliona aibu kwa jinsi moyo wake ulivyolitaka lile. Aliutaka ule uongo kama mtu mwenye homa anavyoyataka maji baridi aliyokatazwa.

"Si jiwe, chefe," alisema.

"Ni nini?"

"Ni chombo cha chuma. Hakikuwapo, kikaja. Jiwe haliji."

Fernando alisogea, akatazama picha ya zamani, akatazama mpya, akatoa kijiti mdomoni.

"Kweli. Andika chombo, jina halijulikani."

Akaandika hivyo. Kisha akaomba ruhusa, akafunga kitambaa kichwani, akaenda nyumbani kwa Bi Saquina.

Nyumba ilikuwa imejaa wanawake. Wengine wanakuna nazi, wengine wanachambua mchele, na vigelegele vya majaribio vinapaa na kukatika. Gracinda alipoingia uani vilikatika kabisa. Bi Saquina alitoka jikoni, mwembamba, mweusi tii, macho makali kama ya mtu anayetafuta tundu la sindano.

"Umefuata nini hapa wewe?"

"Shikamoo, mama."

"Sikukuzaa. Umefuata nini? Umekuja kunimwagia uchawi kwenye shughuli yangu?"

"Naomba kuzungumza na Hafsa. Kidogo tu."

"Hafsa ni mwali, hazungumzi na watu wa njiani. Mwanaume umemkosa, bibi, kubali. Hata huko kwenu bara mtu akikosa hukubali."

Wanawake wawili watatu wakacheka. Gracinda alibaki amesimama. Pazia la chumba likafunuliwa, na Hafsa akachungulia, uso wote mweupe kwa msiro, ule unga wa mti wanaojipaka wanawake, ni macho tu yanayoonekana.

"Mwache aingie, mama," alisema. "Alikuja kunipa pole siku ya msiba. Nisimkatalie siku ya furaha."

Chumbani palikuwa na joto na harufu ya udi. Hafsa alikaa kitandani, mikono ameinyoosha mbele, hina bado mbichi kwenye viganja. Alikuwa mzuri hata chini ya ule weupe. Gracinda alilikubali hilo, likamchoma, akaanza.

Alieleza taratibu. Alieleza picha, hori, doa. Alisema rada haitaji majina, na kwamba kwa doa peke yake asingekuja. Alisema la mwanamke wa upande wa pili na mtoto anayetembea. Alisema talaka ya kwenye simu. Hafsa alisikiliza bila kutikisika. Msiro ulikuwa umekauka, na pale machozi yalipopita palibaki mifereji miwili myeusi.

"Chamsudine anajua?" aliuliza mwisho.

Hapo ndipo Gracinda angeweza kumwokoa Chamsudine. Aliliona neno moja dogo, *hajui*, limekaa tayari ulimini.

"Anajua," alisema. "Tangu mwanzo."

Hafsa alitikisa kichwa polepole.

"Jana alikuja kunijulia hali. Alisimama pale mlangoni, akaniambia, Hafsa, usiogope, kaka huko aliko ana radhi nasi." Alivuta pumzi. "Nikamwombea dua. Nikasema, huyu ana moyo wa dhahabu, Mungu kanitoa huku kanipa huku. Nilikuwa nimeanza kumpenda, dada. Unanisikia? Nilikuwa nimeanza."

"Nakusikia."

"Umekuja kuniokoa au kulipa kisasi?"

"Sijui," alisema Gracinda. "Nimejiuliza njia nzima. Sijui."

"Afadhali hukunidanganya na hilo." Hafsa alisimama. Aliitazama hina yake, kisha akaifuta kwenye shuka jeupe la arusi, kiganja kimoja, na cha pili, kwa nguvu, mpaka shuka likawa kama limechinjiwa. Akafunua pazia.

"Mama Saquina! Njoo usikie. Na ninyi nyote njooni. Mimi si mjane. Mimi nimeachwa, na mwanao mdogo alijua, akataka kunioa juu ya uongo."

Uani pakapigwa na butwaa. Mbuzi ya nazi ikadondoka. Bi Saquina alikuja mpaka mlangoni, akamshika Hafsa mkono, akauona umechafuka, akamwachia. Hakumuuliza Hafsa kitu. Aligeuka kwa Gracinda.

"Umesema nini kwa mtoto wangu?"

"Nimesema ukweli, mama. Abdurrazaque hakuzama. Yuko ng'ambo ya Ruvuma."

"Yu hai?"

"Yu hai."

"Umemwona?"

"Nimeliona boti. Na Chamsudine anazungumza naye."

"Nakuuliza tena, wewe mwanamke, na Mungu anasikia. Mwanangu yu hai?"

"Yu hai, mama."

Bi Saquina alianguka. Watu walidhani amezimia, wakakimbilia, lakini alikuwa amesujudu, paji la uso kwenye sakafu ya saruji, viganja viwili chini, na mgongo wake mwembamba unatikisika. "Alhamdulillahi," alikuwa anasema. "Alhamdulillahi. Alhamdulillahi." Hakuna aliyethubutu kumgusa. Alikaa hivyo mpaka wanawake nao wakaanza kulia, wengine hawajui kama ni kwa furaha au kwa fedheha. Gracinda naye alilia. Kwa dakika ile alidhani, mjinga yeye, kwamba huenda mama huyu akiinuka atamkumbatia.

Bi Saquina aliinuka. Vumbi lilikuwa kwenye paji la uso. Alimtazama Gracinda kwa macho yaliyolowa.

"Mungu akulipe kwa kunirudishia mwanangu," alisema. "Sasa toka nyumbani kwangu. Asubuhi nilikuwa na mwana mmoja aliyekufa, namlilia kwa heshima, na mmoja mwema. Umenipa wawili walio hai na sina hata mmoja wa kumtazama usoni. Toka. Nisikuone tena mpaka nakufa."

Gracinda alitoka. Nyuma yake alisikia Hafsa akikataa kushikwa, akisema atarudi kwao leo hii kwa miguu, hina na msiro na yote.

Chamsudine alikuwa langoni. Mtu alikuwa ameshamwendea mbio na habari. Pikipiki ilikuwa imeangushwa chini, gurudumu bado linazunguka. Hakuwa na hasira. Gracinda alikuwa amejiandaa kwa hasira. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeibiwa vyote na hajui aanze kutafuta wapi.

"Ungenipenda, ungelinyamazia," alisema.

"Nilikupenda. Ndiyo maana nilimtafuta kaka yako mpaka nikampata."

"Hata mimi nilikupenda, Gracinda. Hilo si uongo."

"Najua. Na Hafsa pia ungempenda. Na siku moja ungeniomba nimwandike jiwe na yeye."

Ndani ya nyumba Bi Saquina alikuwa anaita jina lake, mara ya kwanza kwa sauti ya kawaida, mara ya pili kwa sauti ambayo hakuna mtoto anayeipuuza. Chamsudine aliinamisha kichwa, akampita Gracinda karibu kiasi cha mabega kugusana, akaingia kwa mama yake.

Gracinda alitembea mpaka barabarani, akasimamisha pikipiki ya abiria. Dereva alikuwa mtu mzima, ndevu za mvi, akamtazama wanja uliotiririka mashavuni.

"Wapi, mwanangu?"

Hakuwa na pa kusema. Chumbani kulikuwa na sinia ambalo hajaliosha. Mueda ni mbali, na mama yake alikuwa ameshamwambia zamani kwamba watu wa pwani hawatamweka moyoni.

"Kazini, baba," alisema. "Kuna picha inaingia mchana."

Akapanda. Alilia tangu hapo mpaka barabara ya uwanja wa ndege, kwa sauti, bila kujifunika, na yule mzee, mtu mwenye adabu, akaongeza mafuta ili injini ipige kelele zaidi.